Biashara ya Guangzhou na Dubai: simu huleta habari, watu huleta imani

Kwa muda unaokaribia miaka mitatu, mfanyabiashara wa Kariakoo, wa Eastleigh au wa Lubumbashi hakuweza kwenda China kuchagua mali kwa macho yake. Tarehe 28 Machi 2020 serikali ya Beijing iliwafungia mipaka wageni karibu wote ili kuzuia kuenea kwa virusi vya corona, na masharti ya karantini kwa wasafiri yalikuja kuondolewa tarehe 8 Januari 2023.

Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, yanayofanyika mara mbili kwa mwaka mjini Guangzhou tangu mwaka 1957, yalihamishiwa kwenye intaneti mwezi Juni 2020. Wauzaji walisimama mbele ya kamera wakinadi bidhaa, na wanunuzi walitazama kupitia kompyuta na simu za mkononi wakiwa maelfu ya kilomita mbali. Kwa hesabu ya gharama peke yake, utaratibu huo ulikuwa na faida kubwa: hapakuwa na viza, tiketi ya ndege wala hoteli.

Hata hivyo, mipaka ilipofunguliwa, maonyesho hayo yalirejeshwa kikamilifu katika kumbi zake mwezi Aprili 2023, na wanunuzi kutoka kila pembe ya dunia wakarudi kupiga foleni mlangoni.

Swali linalojitokeza ni hili: ikiwa bidhaa, bei na hata malipo vinaweza kupita kwenye simu, kwa nini watu wenye mitaji midogo wanakubali kutumia sehemu ya mitaji hiyo kwenda kuonana na muuzaji ana kwa ana?

Kiswahili kimetoa neno moja kwa mambo mawili. Mtandao ni ule wa intaneti, na mtandao ni watu waliounganishwa kwa kujuana. Kushirikiana huko kwa jina kumewafanya wengi waamini kwamba aliye na wa kwanza tayari anao wa pili. Safari za Guangzhou na Dubai zinaonyesha kwamba sivyo.

Mali kauli

Wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki wana msemo wa siku nyingi: mali kauli. Ni bidhaa anayokabidhiwa mtu bila ya kulipa, kwa neno lake tu, akauze kisha alete fedha. Hakuna hati ya nyumba inayowekwa rehani. Kinachowekwa rehani ni jina.

Utaratibu huu una mizizi mirefu. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kuelekea Tabora, Ujiji na Manyema iliendeshwa kwa mkopo. Taria Topan, tajiri mwenye asili ya Kihindi aliyekuwa na makao Zanzibar, ndiye aliyemkopesha bidhaa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, akitarajia kulipwa kwa pembe za ndovu baada ya miezi au miaka. Biashara hiyo ilichafuliwa na utumwa na umwagaji damu, na hakuna sababu ya kuipamba. Lakini inaonyesha namna mkopo ulivyoweza kuvuka bara zima bila ya benki wala simu ya upepo: mkopeshaji alimjua mkopaji, au alimjua mtu aliyemjua, na aliyekimbia na mali ya watu hakuthubutu kuonekana tena pwani.

Hapo ndipo penye siri ya mambo. Uaminifu ulilindwa na tabia njema ya mtu, lakini pia ulilindwa na gharama ya kuuvunja. Aliyedhulumu alipoteza mengi kuliko alichoiba: alipoteza mlango wa kurudia.

Leo, kwa mfanyabiashara asiye na nyumba wala shamba la kuweka dhamana benki, mali kauli imebaki kuwa mtaji mkubwa kuliko fedha alizo nazo mkononi. Muuzaji wa jumla anayekubali kulipwa nusu sasa na nusu baada ya mzigo kufika anampa mteja wake mkopo usio na riba. Hatoi nafasi hiyo kwa mtu aliyemwona kwenye picha tu.

Kilichobadilika

Haina maana kwamba teknolojia haikubadili kitu. Imebadili mengi. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009 na WeChat ya China mwaka 2011. Kwa kuwa WhatsApp imezuiwa nchini China tangu mwaka 2017, mfanyabiashara anayenunua huko hulazimika kuwa na zote mbili: moja ya kuzungumza na wauzaji wake, nyingine ya kuzungumza na wateja wake. Kwa wasomi na wenye taaluma, mtandao wa LinkedIn ulioanza mwaka 2003 umekuwa kama kitabu cha wageni cha dunia nzima.

Kabla ya hapo, kujua ni jengo gani la Guangzhou linalouza vitenge, ni lipi linalouza vipuri vya pikipiki, na ni ghorofa ya ngapi, kulikuwa ni mali kwa kujua kwenyewe. Waliokuwa na elimu hiyo waliwaongoza wenzao na kuchukua ujira. Mtaa wa Xiaobei mjini humo ulijaa Waafrika walioishi kwa kazi ya kuwaunganisha wageni na viwanda, na vivyo hivyo eneo la Deira mjini Dubai, ambako kwa miongo mingi Kiswahili kimesikika katika maduka na katika ofisi za wasafirishaji wa mizigo.

Sasa picha na bei hufika kwenye simu kwa dakika chache. Kila mtu anaweza kuzipata, na kitu ambacho kila mtu anacho hakina bei. Si hivyo tu. Wauzaji wa Kichina wenyewe wamefika Kariakoo na kufungua maduka, na mtu wa kati aliyekuwa akitegemea kuficha anakonunua amejikuta hana cha kuficha.

Kwa hiyo habari imeshuka thamani, na imani imepanda. Mwenye kuuliza "nani anauza?" hupata majibu mia. Mwenye kuuliza "nani hatanidhulumu?" bado anamhitaji mtu wa kumjibu.

Wanaojificha nyuma ya barua pepe

Hatari yenyewe ni kubwa. Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilipokea kwa mwaka 2023 malalamiko ya hasara ya takriban dola bilioni 2.9 zilizotokana na utapeli wa barua pepe za kibiashara.

Namna unavyofanyika ni rahisi kueleza. Tapeli huingia kwa siri katika anwani ya barua pepe ya muuzaji au ya mnunuzi, kisha hukaa kimya akisoma mawasiliano yao. Siku ankara inapotumwa, naye hutuma ujumbe unaofanana kila kitu na wa muuzaji, wenye jambo moja jipya: akaunti ya benki imebadilika, tafadhali lipa kwenye hii. Mnunuzi hulipa. Wiki mbili baadaye muuzaji wa kweli humuuliza mbona fedha hazijafika.

Dawa yake haihitaji utaalamu wa kompyuta. Ni kumpigia muuzaji kwa nambari inayojulikana tangu zamani, na kuisikia sauti inayojulikana ikitamka nambari za akaunti. Lakini ili sauti ijulikane, lazima watu hao wawe walikwisha kukaa pamoja. Na hata sauti leo inaweza kuigizwa na kompyuta, jambo linaloongeza thamani ya kujuana kwa undani: kuuliza lile ambalo wawili peke yao wanalijua.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliyedhulumiwa kupitia tovuti katika nchi asiyoifahamu hana polisi wa kumkimbilia wala mzee wa mtaa wa kumsuta mkosaji. Aliye na mtu wake Guangzhou au Deira anaye wa kwenda kugonga mlango.

Wa karibu na wa mbali

Je, ina maana kwamba mfanyabiashara ajifungie na ndugu, watu wa kabila lake, wa dini yake au wa kijiji chake? Utafiti unaonyesha kwamba huko nako kuna mtego.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyokuja kuwa miongoni mwa zinazotajwa sana katika elimu ya jamii. Aliwauliza wafanyakazi katika mji wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, ni mara ngapi walikuwa wakionana na mtu huyo. Asilimia 16.7 walisema mara kwa mara, asilimia 55.6 walisema mara moja moja, na asilimia 27.8 walisema kwa nadra. Wengi hawakusaidiwa na rafiki wa karibu, kwa sababu rafiki wa karibu hujua yale yale ambayo mtu mwenyewe anayajua. Habari mpya hutoka kwa anayeishi nje ya duara.

Watafiti wengine waliyapima mawazo hayo kwa kutumia LinkedIn, katika majaribio ya miaka mitano yaliyowagusa watu zaidi ya milioni 20, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Science mwaka 2022. Waligundua kwamba waliosaidia zaidi katika kupata kazi ni watu wa kufahamiana kiasi: wasiokuwa marafiki wa chanda na pete, wala wasiokuwa wageni kabisa. Vile vile, katika sekta zinazotegemea sana kompyuta, wa mbali walikuwa na faida kubwa. Katika sekta zisizozitegemea sana, walio karibu ndio waliosaidia.

Tafiti hizo zilihusu ajira, hazikuhusu biashara ya makontena. Lakini mantiki inafanana. Wa mbali huleta fursa, wa karibu hubeba dhamana. Mwenye wa karibu peke yao atakuwa salama na atabaki mdogo. Mwenye wa mbali peke yao ataona fursa nyingi na siku moja ataliwa.

Namna uhusiano unavyojengwa

Katika masoko haya uhusiano wenye manufaa hufuata njia inayofanana, na kila hatua ina sababu yake.

Hatua ya kwanza ni mdhamini. Mtu anayemtambulisha mwenzake kwa muuzaji anauweka uso wake rehani, na kwa hiyo huchagua nani wa kumtambulisha. Ujumbe wa "naomba kuunganishwa" unaotumwa kwa watu mia mbili hauna uzito huo, kwa sababu hakuna anayeaibika ukienda kombo.

Ya pili ni udogo wa mwanzo. Oda ya kwanza huwa ndogo, kiasi ambacho mnunuzi anaweza kukipoteza bila ya kuanguka. Sampuli huwekwa, na mzigo ukifika hulinganishwa nayo. Oda ya tano ndiyo inayojaza kontena.

Ya tatu ni kutoa kabla ya kuomba, na hapa ndipo simu inapofanya kazi yake vizuri. Muuzaji wa Guangzhou anayewakumbusha wateja wake mapema kwamba viwanda vitafungwa kwa wiki kadhaa wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, anawaokoa na hasara. Mnunuzi naye anayemwambia muuzaji ni rangi gani zinazoulizwa kabla ya sikukuu ya Idi, au ni mabegi gani yanayotakiwa shule zinapofunguliwa Januari, anampa kitu ambacho hakipatikani kwenye tovuti yoyote. Ujumbe mmoja wa namna hiyo unazidi salamu mia za asubuhi njema.

Ya nne ni kusema mabaya mapema. Mzigo ukichelewa, fedha zikikwama au bidhaa zikiharibika, anayepiga simu kabla ya kuulizwa hulinda jina lake hata akiwa na deni. Anayezima simu hulipoteza hata kama alikuwa na sababu ya haki.

Ya tano ni daftari. Kauli ni nzuri, lakini wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Ujumbe mfupi unaorudia makubaliano, kiasi, tarehe na bei, haumtuhumu mtu yeyote. Huwazuia watu wawili waaminifu wasigombane kwa kusahau.

Uzito wa mambo haya huonekana pale wafanyabiashara wadogo wanapochangia kontena moja, kila mmoja akilipia mita za ujazo za mzigo wake. Mmoja akificha bidhaa asizoziorodhesha, forodha inaweza kulizuia kontena zima, na walio wakweli wakalipia kosa la mwenzao kwa siku zote mzigo unapolala bandarini. Anayechangia kontena huchagua bei ya usafiri, na pia huchagua watu wa kuzama nao au kuogelea nao.

Walio nje ya baraza

Uhusiano wa ana kwa ana nao una dhuluma yake. Hujengwa barazani, msikitini au kanisani, kwenye vyama vya waliosoma pamoja, na usiku katika kumbi za hoteli. Asiyekaribishwa huko hana mdhamini, na asiye na mdhamini hapewi mali kauli. Wanawake, ambao ni wengi katika biashara ya nguo na vipodozi kati ya Dubai na Afrika Mashariki, wamelijua hilo kwa muda mrefu. Vivyo hivyo kijana aliyetoka bara bila ya mjomba mjini.

Ndiyo maana upatu, vikoba na vyama vya Kenya vina maana zaidi ya kuweka akiba. Mwanamke aliyelipa mchango wake kwa miaka 3 bila ya kukosa ana mashahidi 20 wa uaminifu wake. Makundi hayo yalipoingia kwenye simu, hasa baada ya M-Pesa kuanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, ushahidi huo uliweza kuvuka mipaka: dada aliyeko Muscat au Birmingham anaweza kuchangia, na pia anaweza kumshuhudilia mwenzake mbele ya muuzaji wa Deira.

Hii ndiyo nafasi ya Waswahili walioko ughaibuni, ambayo serikali za Afrika Mashariki huitazama kwa jicho la fedha zinazotumwa nyumbani tu. Mtu anayejulikana Muscat na anayejulikana Zanzibar ni daraja. Tangu Sultan Qaboos alipowaita nyumbani Waomani walioishi ng'ambo baada ya kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi zina miguu katika pwani zote mbili. Thamani ya daraja haipimwi kwa uzito wake; hupimwa kwa wanaovuka juu yake.

Mkono wa dola

Kuna jambo ambalo wafanyabiashara hawalizungumzi kwa sauti. Mitandao yote miwili, wa nyaya na wa watu, iko chini ya uwezo wa serikali.

Mwezi Aprili 2020 Waafrika mjini Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli walimokuwa wakiishi kwa madai ya kuzuia corona, na serikali kadhaa za Afrika zililalamika hadharani. Uhusiano uliojengwa kwa miaka ulitikisika kwa siku chache. Mwezi Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo biashara ya jumla na rejareja ya bidhaa na uwakala wa fedha za simu. Wapo wafanyabiashara wa Kariakoo walioishangilia, wakiilenga zaidi China. Lakini iliwagusa pia majirani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kenya ilipinga.

Kisha tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini Tanzania, na kwa siku kadhaa nchi ikakatwa na dunia huku ghasia na vifo vikiripotiwa. Hasara ya roho za watu haiwekwi kwenye mizani moja na hasara ya biashara. Lakini ni kweli pia kwamba aliyekuwa na mzigo njiani hakuweza kuuliza uko wapi, na aliyekuwa na malipo ya kuthibitisha hakuweza kuyathibitisha. Serikali inayowahimiza vijana wajiajiri kwa simu, kisha ikaizima simu siasa zinapochafuka, inawaambia wauzaji wa ng'ambo kwamba neno la mteja wa nchi hiyo linaweza kukatwa katikati.

Kilichowabakia wafanyabiashara katika siku hizo ni kile kilichojengwa kabla. Muuzaji aliyemfahamu mteja wake angeweza kusubiri na kuushikilia mzigo. Asiyemfahamu alikuwa na kila sababu ya kuuza kwa mwingine.

Kwa kijana anayeanza leo, njia haijafungwa, ila haina mkato. Simu itampeleka mlangoni kwa watu wengi kuliko alivyoweza babu yake katika maisha yake yote. Kufunguliwa ni jambo jingine, na hutegemea ni nani atakayesema, "Huyu namjua." Mtu wa kuyasema hayo hapatikani siku ya shida. Hutafutwa wakati wa raha, kwa ahadi ndogo zinazotimizwa, na kwa safari moja moja ya kwenda kunywa chai na mtu ambaye hadi siku hiyo alikuwa ni picha tu.